Kabla ya Kugawana, Kuhesabu: Kazi ya Wakili wa Familia kwa Wenye Mali Nyingi

Mteja mwenye mali nyingi anapokaa mbele ya wakili wa familia kwa mara ya kwanza, huuliza swali moja kabla ya mengine yote: "Nitabaki na nini?" Wakili anayeijua kazi yake halijibu swali hilo siku hiyo, wala wiki hiyo. Mwenye nyumba moja, gari na mshahara anaweza kupewa picha iliyo karibu na ukweli ndani ya saa moja. Mwenye kampuni nne, hisa ambazo bado hajakabidhiwa, nyumba katika nchi tatu na urithi uliofungwa kwenye amana (mali iliyokabidhiwa wadhamini waishike kwa ajili ya wanufaika), mara nyingi hajui mwenyewe ana nini. Anajua jumla aliyozoea kuitaja, na jumla hiyo huwa ni ya miaka miwili mitatu iliyopita.

Msimamo wangu ni kwamba katika talaka za wenye mali, orodha kamili na ya kweli humlinda tajiri kuliko ujanja wowote wa kisheria. Wateja wengi hawaamini wakiambiwa. Wamezoea kwamba anayeonyesha karata zake hushindwa. Mahakama za familia hazifanyi kazi hivyo, na sababu zake zinaonekana vizuri ukiifuata kazi yenyewe hatua kwa hatua.

Mkutano wa kwanza

Kabla mteja hajaeleza chochote, wakili huhakikisha kwamba hana mgongano wa maslahi: hajawahi kumwakilisha mwenzi wa mteja, kampuni ya familia, wala mshirika wa biashara atakayeguswa. Kuna watu wanaozunguka kwa mawakili wote mashuhuri wa mji wao na kuzungumza na kila mmoja nusu saa, ili mume au mke wao akose wa kumwajiri. Wakili anayetambua mchezo huo hukataa mazungumzo ya siri mpaka aelezwe nia ya kweli.

Kisha huja swali la nani hasa ni mteja. Mara nyingine baba mzazi wa mteja ndiye anayelipa ada, au ofisi binafsi inayosimamia mali za ukoo. Mlipaji huyo hutaka kupokea nakala za barua na kutoa maelekezo. Barua ya makubaliano ya kazi lazima iseme waziwazi kwamba maelekezo yanatoka kwa mume au mke mwenyewe, hata kama hundi inatoka kwingine. Siri kati ya wakili na mteja hulindwa na sheria, lakini ulinzi huo unaweza kupotea mtu wa tatu anapoketi chumbani, awe rafiki, kaka au mshauri wa fedha. Vivyo hivyo barua pepe za talaka zinazopita kwenye seva ya kampuni ambako mwenzi naye ni mkurugenzi: hapo hakuna siri.

Siku hiyohiyo mteja hupewa kazi za kufanya. Afungue anwani mpya ya barua pepe kwenye simu ambayo familia haiitumii kwa pamoja. Abadilishe nywila, akague vifaa vyote vilivyounganishwa na akaunti moja ya kuhifadhi picha na ujumbe, pamoja na kishikwambi cha mtoto, kwa sababu ujumbe mwingi wa siri umesomwa humo. Asifute chochote. Asihamishe fedha nje ya matumizi ya kawaida. Na asifungue kompyuta, bahasha wala kabati la mwenzi wake.

Katazo hilo la mwisho huwaudhi wateja, hasa wanaojua kwamba mwenzi anaficha. Lakini mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika kesi ya Imerman, iliamua kwamba nyaraka za mume zilizonakiliwa kwa siri kutoka kwenye seva ya ofisi aliyoitumia zilikuwa siri zake, na zirudishwe. Aliyezichukua hupoteza ushahidi, hulipa gharama, na katika nchi nyingi anaweza pia kushtakiwa kwa jinai. Njia halali huwa ndefu zaidi, ila huleta karatasi zinazoweza kutumika mahakamani.

Mahakama ya nchi gani

Mali nyingi huenda pamoja na makazi mengi, kwa hiyo kabla ya kuuliza kila mmoja atapata nini, wakili huuliza kesi ifunguliwe wapi. Majibu hutofautiana sana. Uingereza, tangu hukumu ya White ya mwaka 2000, mgawanyo hupimwa kwa kipimo cha usawa, na aliyelea watoto hawekwi chini ya aliyeleta fedha. California, kilichochumwa ndani ya ndoa kwa jasho la yeyote kati yao ni cha wote wawili, nusu kwa nusu. Ni moja ya majimbo 9 ya Marekani yenye mfumo huo wa mali ya pamoja. Ufaransa, waliofunga ndoa bila mkataba tangu Februari 1966 hushirikiana katika walichochuma wakiwa wanandoa, na kila mmoja hubaki na alichokuja nacho au alichorithi. Ujerumani kila mtu ana mali yake, lakini ndoa ikivunjika hulinganishwa ongezeko la kila upande. Kenya, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inafuata mchango, ukiwemo usio wa fedha, na Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba usawa wa wanandoa uliomo katika kifungu cha 45(3) cha Katiba hauleti nusu kwa nusu moja kwa moja. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 katika kifungu cha 114 nayo inatazama mchango, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango.

Wanandoa walewale, mali ileile, na tofauti ya mamilioni.

Ndani ya Umoja wa Ulaya, isipokuwa Denmark, mahakama iliyofunguliwa kesi kwanza ndiyo hutangulia, na nyingine husubiri. Hapo siku moja ina uzito. Kosa linalorudiwa ni mteja kumwambia mwenzi wake kwa hasira usiku wa Ijumaa kwamba anataka talaka, huku karatasi hazijaandaliwa; Jumatatu asubuhi kesi imeshafunguliwa nchi nyingine. Na hata talaka ikishatolewa ugenini, sheria ya Uingereza ya mwaka 1984 inaruhusu mwenye uhusiano wa kutosha na nchi hiyo kuomba kibali cha kudai fedha huko. Wakili anayemwahidi mteja kwamba jambo limekwisha kwa sababu tu amri ya kigeni imetoka hajamaliza kusoma.

Mtego mwingine uko kwenye kodi. Ili kesi isikilizwe nchi fulani, mteja anaapa kwamba anaishi huko. Lakini katika fomu zake za kodi za miaka mitano amesema anaishi kwingine. Viapo viwili visivyopatana, kimoja kikiwa mahakamani, ni hatari kubwa kuliko talaka yenyewe. Mwanasheria wa kodi asome maelezo ya makazi kabla hayajasainiwa.

Orodha

Waswahili walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la kesi hizi ni jedwali, na nguvu yake iko kwenye safu zake. Kwa kila mali huandikwa: ilipatikana tarehe gani, fedha zilitoka wapi, hati ina jina la nani, mnufaika wa kweli ni nani, thamani ni kiasi gani na ilipimwa lini, deni gani linaikalia, kodi gani italipwa ikiuzwa, na inaweza kugeuka fedha taslimu ndani ya muda gani. Mstari wenye safu tupu ndio mstari wa kufanyia kazi kesho yake.

Kila nchi ina kiwango chake cha chini. Fomu ya Uingereza hudai taarifa za benki za miezi 12 na hesabu za biashara za miaka miwili. California hudai tamko la awali la mali ndani ya siku 60 tangu maombi yawasilishwe. Kwa mteja mwenye kampuni, miaka mitatu hadi mitano ya hesabu ni bora, kwa sababu mwaka mmoja unaweza kuwa wa neema au wa balaa, na upande wa pili utaiomba miaka hiyo vyovyote vile.

Kuna vitu vinavyosahaulika hata na waaminifu. Mkopo ambao mteja aliikopesha kampuni yake mwenyewe. Dhamana binafsi aliyosaini benki kwa ajili ya kampuni, ambayo ni deni linalosubiri siku yake. Hisa za mwajiri zinazokabidhiwa kidogokidogo kwa miaka minne, baadhi kabla ya kutengana na baadhi baadaye. Sehemu ya faida katika mfuko wa uwekezaji ambao haujafungwa. Bima ya maisha yenye thamani ukiivunja. Picha na mapambo. Sarafu za kidijiti zilizonunuliwa kwa majaribio miaka ya nyuma. Akaunti zilizofunguliwa kwa majina ya watoto. Marejesho ya kodi ambayo hayajafika. Msanduku wa benki ambao ufunguo wake haujulikani uliko.

Mteja akimwambia wakili, "Hii tusiitaje," hapo ndipo kazi inapopimwa. Wakili hawezi kuwasilisha kiapo anachojua ni cha uongo. Atamshawishi mteja aseme kweli, na akikataa, atajitoa. Zaidi ya maadili kuna hesabu. Mwaka 1996 mwanamke mmoja wa California alishinda fungu la bahati nasibu lenye thamani ya zaidi ya dola milioni 1.3, akaomba talaka siku chache baadaye, na hakulitaja. Siri ilipotoka, mahakama ilimpa mume ushindi wote, na mwaka 2001 mahakama ya rufaa ikathibitisha. Angesema kweli, huenda angebaki na angalau nusu. Uingereza nako, Oktoba 2015, Mahakama ya Juu ilifungua upya makubaliano ya wanandoa wa kesi ya Sharland, kwa sababu mume aliiambia mahakama kwamba kampuni yake ya programu haikuwa na mpango wa kuingia soko la hisa, kumbe maandalizi yalikuwa yakiendelea. Makubaliano yaliyojengwa juu ya uongo hayana ukomo wa uhakika: miaka mitatu baadaye unaweza kuitwa tena.

Hasara nyingine huja kimyakimya. Hakimu anayeona pengo kwenye karatasi anaruhusiwa kulijaza kwa dhana, na dhana hiyo haimpendelei aliyeacha pengo. Mtu anayeficha milioni mbili anaweza kuhesabiwa kana kwamba anazo tano.

Kampuni ina thamani gani

Hapa ndipo fedha nyingi zaidi hupotea, na ndipo mawakili wengi huwaachia wahasibu peke yao. Si vizuri. Wakili anapaswa kuisoma ripoti ya mthamini kama anavyosoma mkataba, mstari kwa mstari.

Chukua mfano wa kubuni, kwa sarafu yoyote. Faida ya mwaka ya kampuni kabla ya riba, kodi na uchakavu ni 5,000,000. Mthamini huisafisha kwanza. Mwenye kampuni anajilipa 50,000 kwa mwaka, lakini meneja wa kuajiriwa angegharimu 350,000: toa 300,000. Kampuni inalipia watumishi wa nyumbani na boti ya familia, 200,000: rudisha. Mwaka huo ililipa fidia ya kesi isiyotarajiwa kurudi, 400,000: rudisha. Faida iliyosafishwa ni 5,300,000. Ukizidisha mara 6, kizidisho alichochagua mthamini, kampuni ina thamani ya 31,800,000. Toa madeni halisi ya 7,800,000, zinabaki 24,000,000. Mteja ana asilimia 40, yaani 9,600,000. Kwa kuwa asilimia hizo hazimpi amri ya kuendesha kampuni, mnunuzi wa nje angedai punguzo. Likiwa asilimia 25, inabaki 7,200,000. Alinunua kwa 1,200,000, hivyo faida ya kuuza ni 6,000,000, na kodi ikiwa asilimia 20 ni 1,200,000. Mkononi zinabaki 6,000,000.

Kutoka 9.6 hadi 6.0, na hakuna aliyedanganya. Kila hatua ni hoja ya kubishania. Kizidisho kikipanda kutoka 6 kwenda 7, thamani ya kampuni nzima huongezeka kwa milioni 5.3. Punguzo la wachache, yaani lile la hisa zisizompa mwenyewe amri, hubishaniwa vikali: mwanandoa anayebaki na hisa na hana nia ya kuuza hastahili punguzo kirahisi, hasa kama asilimia nyingine zinashikwa na ndugu zake wanaopiga kura pamoja naye. Swali la kumuuliza mthamini ni, "Je, historia ya kampuni inaonyesha aliwahi kushindwa kura?" Kama hajawahi, punguzo linalegea.

Jambo la pili ni jina jema la biashara. Kliniki au kampuni ya ushauri inayoishi kwa sababu ya mtu mmoja haiuziki kwa bei ileile akiondoka. Majimbo mengi ya Marekani hutenganisha jina jema la mtu na la biashara, na hugawa la biashara tu. Mthamini asiyetenganisha amempa upande mmoja kitu ambacho hakipo sokoni.

La tatu ni kuhesabu mara mbili. Ukikokotoa thamani ya kampuni kutokana na faida yake yote, ukaigawa, kisha ukaitumia faida ileile kupanga matunzo ya kila mwezi, fedha moja imegawanywa mara mbili. Njia ya kulizuia ni kuacha mshahara halisi wa soko nje ya thamani, kama ule wa 350,000 katika mfano, na matunzo yapimwe kwa mshahara huo.

Na hata baada ya yote, hizo 6,000,000 si fedha taslimu. Mkataba wa wanahisa unaweza kuwapa wengine haki ya kununua kwanza, au kukataza kabisa kuuza. Benki inaweza kuwa na sharti kwamba gawio halitolewi mpaka deni lipungue. Nyaraka hizo mbili, mkataba wa wanahisa na mkataba wa mkopo, zisomwe wiki ya kwanza. Nimeziona zikitajwa mwishoni mara nyingi mno katika hukumu zilizochapishwa, wakati ahadi ya malipo imeshatolewa na haitekelezeki.

Kampuni juu ya kampuni, na amana

Wapo wanaoamini kwamba nyumba iliyoandikwa jina la kampuni haiguswi. Kesi ya Prest, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza Juni 2013, ni somo lake. Mahakama ilikataa kulipasua pazia la kampuni, yaani kuzihesabu mali za kampuni kuwa za mume, kwa sababu tu yeye ndiye aliyezitawala kampuni hizo. Lakini nyumba 7 zilikwenda kwa mke hata hivyo. Kampuni zilishindwa kuonyesha kwamba zilizinunua kwa fedha zao wenyewe, mume alificha taarifa, na mahakama ikahitimisha kwamba zilikuwa zikimshikia yeye. Mwenye kampuni anayetaka kulindwa na utengano huo wa mali zake na za kampuni awe na kumbukumbu za vikao, mikataba ya pango ya familia inayoishi ndani, na malipo yanayopita benki. Bila hizo, kampuni ni jina tu juu ya hati.

Kwa amana, wakili huomba nyaraka tano: hati ya kuanzisha, mabadiliko yake yote, barua ya matakwa ya aliyeanzisha, hesabu za amana, na orodha ya kila malipo yaliyotolewa kwa wanufaika. Kisha anauliza nani ana uwezo wa kuwaondoa wadhamini na kuweka wengine. Anatazama pia ni mara ngapi mnufaika aliomba fedha na mara ngapi alikataliwa. Amana ambayo wadhamini wake hawajawahi kusema hapana kwa miaka kumi itatazamwa kama mfuko wa mteja, hata karatasi ziseme nini. Kuanzisha amana wakati ndoa inayumba ni kosa zaidi: mahakama nyingi zina uwezo wa kubatilisha uhamisho uliofanywa kwa nia ya kukwepa madai, na tarehe ndiyo shahidi wa kwanza.

Mkataba wa kabla ya ndoa

Huu ndio msaada bora ambao wakili anaweza kumpa mwenye mali, ukifanywa mapema. Ukifanywa vibaya, unaleta kesi yake peke yake juu ya ile ya talaka.

Adui wa kwanza ni kalenda. Mwaka 1988 mcheza besiboli Barry Bonds na mchumba wake walisaini mkataba siku moja kabla ya harusi, na mchumba hakuwa na wakili. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya California iliukubali mkataba huo; muda mfupi baadaye bunge la jimbo likabadilisha sheria. Leo lazima zipite angalau siku 7 kati ya kupokea mkataba wa mwisho na kuusaini, na asiye na wakili lazima akane haki hiyo kwa maandishi tofauti. Tume ya Sheria ya Uingereza mwaka 2014 ilipendekeza mkataba usisainiwe ndani ya siku 28 kabla ya ndoa. Kwangu hata siku 28 ni chache: rasimu ya kwanza itoke miezi mitatu hadi sita kabla, wakati kadi za mwaliko hazijachapishwa na mtu anaweza kusema hapana bila aibu.

Kila upande uwe na wakili wake, na tajiri alipie wa mwenzake bila kumchagulia. Jedwali la mali liambatishwe. Mkataba utafsiriwe katika lugha ambayo kila mmoja anaielewa vizuri. Ni kweli kwamba katika kesi ya Radmacher ya mwaka 2010 mahakama ya Uingereza iliheshimu mkataba uliosainiwa Ujerumani ingawa mume hakupata ushauri wake wa kisheria wala orodha ya mali za mke. Ilitosha kwamba alijua anachosaini. Kuandaa mkataba kwa kutegemea bahati hiyo ni uzembe. Kenya, sheria ya 2013 inatambua mikataba ya kabla ya ndoa lakini inaruhusu mahakama kuutengua uliopatikana kwa ulaghai au shuruti, au usio wa haki waziwazi. Na mahali pengi, haki ya mtoto ya matunzo haiuzwi na wazazi kwa mkataba wowote.

Kinachouvunja mkataba zaidi ni maisha baada ya harusi. Mkataba unasema urithi ni wa mke. Mke anauza ghala la urithi, anaweka fedha kwenye akaunti ya pamoja, wanajenga nyumba yenye majina mawili. Miaka 12 baadaye hakuna awezaye kuitoa fedha ile humo. Kwa hiyo mkataba uje na maelekezo ya ukurasa mmoja: akaunti ipi haichanganywi, matengenezo ya nyumba ya urithi yalipwe na nani, na lini mkataba urudiwe, mathalani mtoto anapozaliwa au familia inapohamia nchi nyingine. Angalizo moja kwa wanaofunga ndoa nje: Italia, mfungishaji ndoa huandika palepale kama wanandoa wametaka mali zao zitengane. Tamko hilo la sekunde chache linaweza kupingana na kurasa 40 zilizolipiwa kwa gharama kubwa.

Watoto

Watoto wa matajiri wana hati za kusafiria mbili, ndege inapatikana saa yoyote, na yaya anayeweza kufunga mizigo ndani ya saa moja. Wakili aulize pasi ziko wapi kabla ya kuuliza hisa ziko wapi. Mkataba wa Hague wa mwaka 1980 unawahusu watoto chini ya miaka 16: aliyehamishwa isivyo halali kutoka nchi mwanachama anakoishi kwa kawaida hurudishwa huko, isipokuwa katika hali chache, na nguvu ya dai ni kubwa likifunguliwa kabla ya mwaka kupita. Ruhusa ya likizo iandikwe, na tarehe ya kurudi itajwe. Ruhusa ya mdomo ya "mwezi mmoja hivi" imegeuka makazi mapya katika kesi nyingi. Yaya, dereva na mwalimu wa ziada ni mashahidi wanaojua nani humwamsha mtoto na nani humpeleka hospitali, na wasihongwe wala kutishwa, kwa sababu hilo likijulikana limeamua kesi.

Makubaliano na baada yake

Wenye mali huogopa magazeti, na hofu hiyo ina thamani mezani. Upatanishi hufanyika faraghani, na Uingereza, tangu 2012, wanandoa wanaweza kumpeleka msuluhishi binafsi mgogoro wa fedha. Hata hivyo matokeo yake yafanywe amri ya mahakama, la sivyo hayafungi milango.

Kila mali ipimwe baada ya kodi. Marekani, kuhamishiana mali kwa sababu ya talaka hakuleti kodi siku hiyo, lakini anayepokea hupokea pia gharama ya awali ya kununua. Hisa za 1,000,000 zilizonunuliwa kwa 100,000 hazilingani na 1,000,000 benki. Uingereza, tangu Aprili 2023, waliotengana wana hadi miaka mitatu ya kodi baada ya mwaka wa kutengana kuhamishiana mali bila kodi ya ongezeko. Tarehe hiyo iwekwe kwenye kalenda ya wakili.

Malipo yakiwa ya awamu, awamu ziwe na rehani, riba ya kuchelewa, na bima ya maisha ya mlipaji. Benki ithibitishe kwa maandishi, kabla ya amri kutolewa, kwamba itamwondoa mwenzi kwenye mkopo wa nyumba.

Kisha huja kazi inayosahaulika kwa sababu kila mtu amechoka. Mwaka 1994 mwanamume mmoja wa jimbo la Washington alitalikiana na mkewe, akafariki miezi michache baadaye kabla ya kubadilisha jina la mnufaika kwenye bima na pensheni ya kazini. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba, chini ya sheria ya shirikisho, fedha zinakwenda kwa yule aliyeandikwa kwenye fomu, yaani mtalaka wake, si kwa watoto wa ndoa ya kwanza. Ndani ya siku 30 za amri, basi: wosia mpya, fomu za wanufaika za kila bima na kila pensheni, hati za uwakilishi zifutwe, wasaini wa akaunti za kampuni wabadilishwe, barua ya matakwa ya amana iandikwe upya, na uthibitisho wa maandishi wa kila kimoja urudi kwenye jalada.